Shanga za Ata na Mstari Mmoja wa Kadi

Akiru mwanangu,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapoandika kadi ya harusi ni kumwandikia mgeni anayejua kusoma. Wanauchagua ule mstari wa mavazi wakimfikiria rafiki wa kazini, ambaye ataitazama kadi kwenye simu, ataelewa, kisha atapita dukani. Hawamfikirii mtu ambaye kadi itamfikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Na huyo ndiye anayeumia.

Nimeanza kama mwalimu, univumilie. Nilifundisha watu wazima kusoma hapa Lodwar mpaka nywele zikabadilika rangi, na mazoea hayo hayajanitoka. Lakini leo sikuandikii ili nikufundishe. Nakuandikia kwa sababu nimeishiwa na njia. Simu yangu huipokei tangu Jumapili. Harusi yako ni Jumamosi. Na mama yangu, yule nyanya aliyekulea, Ata wako, amekaa mlangoni mwa nyumba yake kule Lokori akiwa amevua shanga zote. Shingo yake iko wazi kama ya mtoto. Anasema haji.

Barua hii nimeiacha wazi kwa makusudi, isomwe na yeyote. Atakayeiona Kakuma, kanisani, sokoni au kwenye simu, akuambie kwamba shangazi yako anakutafuta.

Unakumbuka alasiri ile ulipokuja kutoka Kakuma tupange maneno ya kadi? Tulikaa sebuleni kwangu, mlango wazi, tukingoja upepo ambao haukuja. Ulikuwa umeshaandika kila kitu: jina lako, jina la Majok, kanisa, saa, mahali pa chakula. Chini kabisa ukaweka: “Mavazi: rasmi. Rangi: krimu na dhahabu. Tafadhali zingatia.” Nikaweka kidole pale.

“Shangazi, huo ni mstari mmoja tu,” ukasema.

“Huo ndio utakaosomwa, mama. Hayo mengine watu wanayajua. Kuna bibi harusi, kuna bwana harusi, kuna wali.”

“Sasa niandike nini? Nikiacha wazi, mtu atakuja na jezi ya mpira.”

“Aje nayo. Mradi isiwe ya timu iliyofungwa wiki hiyo.”

Ulicheka hadi ukamwaga chai. Kisha ukanieleza sababu yako, na sababu hiyo sijaisahau. Ulisema ulihudhuria harusi ya rafiki yako hapahapa Lodwar, ukamkuta mama mmoja, ndugu wa damu wa bibi harusi, ameketi nyuma ya hema karibu na masufuria. Wenzake walikuwa wamevaa satini za sare na yeye alikuwa na leso yake ya kila siku. Ukaapa kwamba kwako haitatokea. “Rangi moja, Shangazi. Wote sawa. Mtu asijione maskini kwangu.”

Kwa hiyo atakayesema uliandika mstari ule kwa majivuno, mimi nitambishia. Uliuandika kwa huruma. Ila nilikuambia pale pale, na narudia: rangi moja huwafanya sawa wale wenye uwezo wa kuinunua. Asiyeweza, ulimwekea kiti nyuma ya hema hata kabla hema halijasimamishwa. Nikakuambia pia kwamba neno “rasmi” halina picha. Nilipokuwa nikiandika “kikombe” ubaoni, mwanafunzi wangu mchunga mbuzi alikiona kikombe. Nikiandika “rasmi”, alichokiona ni ofisi ya chifu, na mlango ambao mtu huulizwa kitambulisho kabla ya kuulizwa hali.

“Watu wa siku hizi wanaelewa,” ukasema. Ukabonyeza, kadi ikaenda.

Sasa sikiliza jinsi ilivyosafiri. Ilifika kwenye simu ya Ekal, mwenye duka kule Lokori, kwa sababu Ata hana simu, na barua zake zote hupitia dukani pamoja na sukari na tumbaku. Ata akaenda asomewe. Ekal mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akijitetea kama aliyeitwa kwa mkubwa:

“Shangazi ya Akiru, mimi nilisoma tu vile imeandikwa. Nyanya akauliza, rasmi ni nini? Nikasema rasmi ni ya ofisi. Akauliza, huko ofisi wanavaa shanga? Nikasema mimi sijaona. Si ni ukweli? Na tena imeandikwa tafadhali zingatia. Hiyo ni amri, lakini amri ya adabu.”

“Na krimu ulimwambia nini?”

“Nikamwambia ni kama maziwa imekaa.”

Anasema Ata alicheka sana. “Akiru anataka nivae maziwa!” Akawaambia wote waliokuwa dukani, wakacheka naye. Akanunua kwa Ekal blauzi ya mitumba yenye rangi hiyo, akaenda nayo nyumbani.

Asubuhi iliyofuata majirani walimkuta amekata nyuzi. Zile shanga, Akiru. Zile zilizopanda safu juu ya safu kutoka mabegani hadi chini ya kidevu, ambazo mama yake alimwanzishia akiwa msichana, zikaongezwa na babu yako alipomwoa, zikapakwa mafuta mwaka hadi mwaka mpaka zikawa na harufu yake. Alikuwa amezikusanya kwenye karai, amejipangusa shingo, na kufunga vifungo vya blauzi hadi juu.

Wewe unajua jambo ambalo msomaji wa mbali huenda halijui: kwetu mwanamke mzima hukaa shingo wazi akifiwa. Wanawake walipomwona wakaanza kulia kutoka mbali kabla hata ya kuuliza. Walipofika wakauliza, “Ni nani? Ni Akiru?”

“Hakuna aliyekufa,” akawaambia. “Akiru anaolewa.”

Hawakujua la kufanya. Wakakaa chini pamoja naye kama wanavyokaa kwenye msiba, maana hakuna aliyewahi kujifunza namna ya kushangilia mbele ya shingo ya namna ile.

Ekal aliponipigia siku ya Jumapili, nami nikakupigia wewe papo hapo. Huenda nilianza vibaya. Nadhani nilianza na “nilikuambia”, na wewe ukasikia hilo tu. Ukasema, “Shangazi, usimtumie Ata kunishinda. Nimechoka kusahihishwa.” Kisha simu ikakatika, na tangu hapo inaita tu hadi inanyamaza.

Jumatatu nikaenda Lokori mwenyewe. Nilimkuta pale mlangoni. Pale shanga zilipokuwa, ngozi imekuwa nyororo na nyepesi, haijaonana na jua miaka mingi. Mimi ni mtoto wake, nina wajukuu, na siku ile nilitaka kugeuza uso.

“Ejok, mama,” nikamsalimu.

“Ejok. Umekuja kunitazama?”

“Nimekuja kukuomba uvae shanga zako. Akiru hakusema uvue.”

“Wewe ndiye Akiru?”

“Hapana.”

“Basi tulia. Mwenye harusi ana neno lake, nami nimelitii. Nimekosa wapi?”

“Hujakosa. Basi twende hivyo ulivyo.”

Akanitazama kama anavyotazama mbuzi aliyeingia nyumbani. “Nilivyo? Niende na shingo ya msiba, nikae mbele ya mtoto anayeolewa? Unataka nimletee mkosi? Niambie, wewe uliyesoma. Nikivaa, nimevunja neno lake. Nisipovaa, nimemletea kifo harusini. Nipite wapi?”

Nilikaa naye hadi jua likapungua, tukaletewa ugali. Yeye alimega, akaushika mkononi muda mrefu, akaurudisha. Hao wanawake wa jirani wanasema amekuwa akifanya hivyo tangu siku aliyokata nyuzi.

Mwanangu, mara moja tu katika maisha yako uliwahi kumwona Ata bila shanga. Ulikuwa mdogo, na pengine unadhani umesahau. Mama yako alikuwa ameshatutoka, na kaka yangu, baba yako, alikuwa amekuacha kwa Ata alipofuata mifugo. Habari za kifo chake zikaja. Ata akavua. Nilipofika kutoka Lodwar nilikukuta umejificha nyuma ya zizi la mbuzi, ukinong’ona, “Ata ameenda wapi?” Naye alikuwa amesimama mbele yako! Nikakuambia, huyu hapa. Ukakataa. Ulikuwa umezoea kumfuata kwa mlio. Alipokwenda kuchota maji mto Kerio ulimfuata kwa mlio wa shanga, usiku ulilala kwa mlio huo, na sasa mbele yako palikuwa na mwanamke asiye na sauti.

Msiba ulipokwisha, wanawake walikuja na nyuzi mpya, lakini Ata hakutaka. Alisema shingo yake imechoka. Walimbembeleza, nami nilimbembeleza kwa hoja zangu zote nzuri. Wewe ndiye uliyeingia katikati yetu ukiwa na uzi mmoja wa shanga nyekundu, umeushika kwa mikono miwili ili usidondoke, ukasema, “Vaa, Ata, nikusikie.”

Akainama, ukamvika. Hao wengine wakaendelea na safu zilizobaki.

Nikukumbushe na siku ya wazazi shuleni kwenu, hapa Lodwar, ulipokuwa unaishi nami. Ata alikuja kwa lori, amevaa shuka lake na shanga zake zote, amejipaka mafuta hadi anang’aa. Wasichana wa darasa lako wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kwa sauti, “Huyo ni mtalii ama?” Mimi nilikuwa nyuma, nikiogopa utamkana. Ukasimama, ukasema, “Huyo ni Ata wangu, na anaimba kushinda mama yako,” ukakimbia ukaficha uso wako kwenye shanga zake. Uliporudi kukaa, ulikuwa na alama nyekundu ya mafuta kutoka shavuni hadi kwenye kola ya shati lako jeupe la shule, nawe hukuifuta.

Ndiyo maana nasema humwonei haya Ata. Na ndiyo maana nashindwa kulala, kwa kuwa jambo hili halina adui wa kupigana naye. Ekal alisoma kilichoandikwa, Ata akatii alichosomewa. Nawe uliandika kwa upendo.

Jana nilikuja Kakuma kukutafuta. Nikaambiwa mmekwenda Kitale kuchukua gauni na mnarudi leo. Nikapita kambi ya wakimbizi kwa Mama Majok, mkwe wako mtarajiwa, nikamkuta kwa fundi wa cherehani, yule Mkongo wa karibu na kisima. Fundi ameinua mikono: “Mama, krimu imeisha. Bantu bote banataka krimu. Na hii mavumbi ya Kakuma, ule krimu atafika kanisani akiwa kahawia.”

Mama Majok akanivuta pembeni. “Dada yangu, mimi krimu sina. Mimi nina kitambaa yangu ya Juba, hii ya kufunga begani. Nilikimbia nayo. Nitavaa hiyo, kalas, basi. Lakini usiogope, nitakaa nyuma, picha ya watoto isiharibike.”

Umesikia, Akiru? Mama wa bwana harusi atakaa nyuma. Karibu na masufuria.

Alijaribu kukupigia akueleze habari za Ata, akaweka simu kwa sauti ili nisikie. Hata hajamaliza, ukamjibu kwa upole, “Mama, najua, hayo ni mambo ya shangazi,” ukakata. Sikukulaumu. Mtu aliyesahihishwa maisha yake yote na mwalimu huishia kusikia kalamu nyekundu hata mahali ambapo mtu analia. Ekal naye ana wazo lake. Anasema tumtafute msichana mwingine mwenye sauti nyembamba ajifanye wewe kwa Ata kwenye simu. Nataka ujue nimefikia wapi: nililifikiria. Nikamwambia hapana kwa sababu moja tu, kwamba Ata angekujua hata kwa kikohozi.

Kuhusu maneno ya kadi, usiku na mchana nimekuwa nikiyageuza, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoiweza. Nilijaribu “mavazi nadhifu”. Nikaona yanamwambia mgeni kwamba tulidhani atakuja mchafu. Nilijaribu “mavazi ya heshima”, yakasikika kama amri ya polisi. Nilijaribu “mavazi ya kitamaduni”, nikamwona Ata akipangwa mbele kama pambo, vijana wakikodi shanga za siku moja kupiga picha, na Mama Majok akiuliza ni utamaduni wa nani unaoruhusiwa. Kila neno nililolichukua lilikuwa na mlango, na mlangoni mtu amesimama akikagua.

Mwishowe nikaacha kutafuta neno la nguo. Nikauliza swali lingine: tunataka mgeni afanye nini anapofungua sanduku lake? Nikaandika hivi: “Njoo umevaa vile uvaavyo siku yako ya furaha. Mwenye krimu, aje nayo.” Halafu nikaipima kama inavyopaswa kupimwa. Nilimpigia Ekal, nikamwambia maneno hayo kwa mdomo, nikamwomba amwambie mteja, naye mteja akamwambie mwenzake aliye mbali na duka. Baadaye Ekal akanirudishia yalivyofika huko: “Amesema vaa ile unavaa ukifurahi, na kama uko na ya maziwa, leta.” Nilicheka peke yangu, kisha nikalia. Yalikuwa yamefika salama. Sentensi ya kadi ni kama maziwa ya safari, haisifiwi kabla haijafika.

Ukitaka, itume leo kwa wageni wote. Mama Majok atasogea mbele, na yule mwenye jezi naye atapata kiti.

Lakini kwa Ata hata sentensi hiyo haitoshi tena. Nilimsomea kwa simu ya Ekal. Akasikiliza vizuri, akauliza, “Hayo ni maneno ya Akiru au ni yako?” Sikuweza kumdanganya mama yangu. Akasema, “Basi ni mazuri,” na akaendelea kukaa. Alivua kwa neno lako, na hatavaa kwa neno la mtu mwingine. Ni mkaidi kama wewe. Mtu hurithi.

Gari linaondoka Lokori kesho alfajiri, na hilo ndilo la mwisho linaloweza kumfikisha kabla ya Jumamosi. Shanga zile huwezi kuzivaa njiani kama mkufu. Zinataka mikono ya wanawake wengi, na jua la kuonea. Wameshatayarisha nyuzi. Wamekaa pale na karai katikati yao, wanangoja. Ekal amechaji simu, ameniapia hatasogea mbali na Ata hata mteja akitaka kununua duka zima.

Mimi nitakuja Kakuma kwa vyovyote vile, na lile gauni langu la kijani ambalo umeniomba mara ngapi nilitupe. Ukinikasirikia hadi uzeeni, nitaivumilia hasira hiyo. Sitaki kushinda mabishano haya, mwanangu. Ukipenda, uwaambie watu wote kwamba mstari wako ulikuwa sawa na shangazi yako ni msumbufu, nami nitaitikia. Ninachoogopa ni kile kiti cha Ata kubaki kitupu. Ninaogopa siku utakapokuwa na mtoto mgongoni, ukamfuata Ata mtoni, ukakumbuka kwamba Jumamosi ile hukumsikia.

Urudi salama kutoka Kitale kwa barabara ya Kainuk, na gauni lako lisipate vumbi. Nakupenda kuliko sarufi zote nilizokufundisha.

Jua likiwa bado juu leo, mpigie Ekal, umwambie ampe Ata simu, na useme: “Vaa, Ata, nikusikie.”

Shangazi yako